Mashine ya DA ya milimita 15 kwenye joto kali: mashine, pedi na kampaundi, kipi kinafaa kipi hakifai

Nianze na hukumu kabisa ili mwenye haraka aondoke nayo. Mashine yenyewe, yani DA (dual action) ya kupigia polishi rangi ya gari, inafaa kwenye joto, M205 ya Meguiar's, ile polishi ya kumalizia, inafaa zaidi ya mashine, pedi za povu nyembamba zinafaa ila uwe nazo nyingi, na ile kampaundi nzito iliyokuja kwenye boksi moja na mashine haifai kabisa jua likishapanda. Jina la kampuni ya mashine nimeliacha makusudi maana nina malalamiko nayo huko chini, na kusema kweli mashine za umbo hili zinafanana sana, tangu Rupes wa Italia walete zile BigFoot zao zenye mzunguko mpana karibu kila mtu ana ya kwake sokoni.

Sasa kabla ya mashine tuongee joto kidogo maana ndo sababu ya kuandika hii. Watu wakisikia polishi na jua kali wanawaza rangi kuungua. Rangi kuungua ipo, ila haianzi hapo. Kinachotangulia kufa ni majimaji ya dawa. Kampaundi ni chembe za kusaga ndani ya maji na mafuta, na hayo majimaji ndo yanafanya chembe ziteleze na kulainisha badala ya kuchimba. Bodi ikiwa ya moto maji yanaruka mapema, chembe zinaanza kushikana vidongevidonge, pedi inakuwa nzito mkononi na vumbi jeupe linaruka mpaka kwenye raba za vioo. Hapo gari bado halijaumia. Linaumia sekunde chache baadaye pale mwenye mashine anapoona mikwaruzo haitoki akaanza kukandamiza, akaona bado akapandisha spidi, pedi ikazidi kupata moto, dawa ikazidi kukauka, na sasa anasaga rangi kavukavu kwa mashine iliyo spidi 6. Kwa hiyo seti nzima nimeipima kwa swali moja tu, dawa inabaki na unyevu kwa muda gani, na kila kifaa kinasaidia au kinaharibu hapo.

Mashine. Ni DA ya kawaida ya waya, sahani ya kubandikia pedi ya milimita 125, mzunguko wa milimita 15, spidi 1 mpaka 6. Kama hujawahi kutumia DA, sahani yake inafanya kazi mbili, inazunguka kwenye ekseli yake na wakati huohuo ekseli yenyewe inapiga duara dogo, na ule mzunguko wa kwanza hausukumwi na mota moja kwa moja, uko huru. Ukikandamiza sana au ukiinamisha pedi upande mmoja inaacha kuzunguka inabaki kutetemeka tu. Wengi wanalalamikia hilo, mi naona ndo uzuri wake kwenye joto. Rotari, yani mashine ambayo mota inaizungusha sahani moja kwa moja, haikuonei huruma, ukikandamiza inaendelea kuzunguka palepale na joto linakusanyika sehemu moja, fundi mzoefu anajua kuicheza lakini mtu wa gari lake mwenyewe siku ya joto simshauri. Hii DA ikizidiwa inakuambia. Chora mstari mmoja wa kalamu nene pembeni ya sahani, ukiwa unafanya kazi ule mstari unauona unapita taratibu, ukiuona umesimama ujue hapo hukati chochote, unapasha tu. Kwenye milango yenye mkunjo mkunjo utauona unasimama kila mara na utajifunza kunyoosha mkono haraka kuliko video yoyote.

Kitu kingine ambacho hakiandikwi kwenye boksi, feni ya kupoza mota iko kwenye shafti ya mota hiyohiyo. Maana yake ukiiendesha spidi ya chini huku unaikandamiza, mota inapata mzigo na upepo wa kuipoza unapungua. Watu wanadhani spidi 2 ndo salama kwa mashine siku ya joto, kumbe kwa mota sivyo. Mi nafanyia spidi 4, mkono mwepesi, na hiyo imenifaa kwa karibu kila kitu, nikimaliza paneli naiacha itembee tupu kidogo kabla ya kuizima. Na ile ekstensheni ya umeme ya kuzungusha kwenye gurudumu uifungue yote, waya ukiwa umeviringishwa unapata moto wenyewe kwa wenyewe na ukiwa mwembamba na mrefu umeme unashuka na mashine inakosa nguvu, alafu unalaumu mashine. Wenye za betri, chaja nyingi zinagoma kuchaji betri iliyotoka kwenye kazi ikiwa ya moto, inabidi usubiri ipoe, kwa hiyo betri mbili kwenye joto ni sawa na moja na nusu.

Malalamiko yangu kwa mashine ni mawili. Kifuniko cha mbele, pale mkono wa kushoto unaposhika, kinapata moto mpaka unashindwa kukishika bila glavu ukifika paneli ya tatu hivi, na glavu zikilowa jasho zinateleza. La pili ni sahani iliyokuja nayo, velkro yake inayoshika pedi ilianza kuachia katikati. Hili la velkro si la bahati mbaya, joto jingi la pedi linakusanyika katikati, ndo maana pedi nyingi nzuri zina tundu pale ili hewa ipite na joto litoke, na sahani yenye matundu inasaidia zaidi. Ya kwangu haikuwa na tundu hata moja. Nimebadilisha nimeweka yenye matundu na tatizo limekwisha, ila mashine ya hadhi hii haikutakiwa kuja na sahani ile.

Twende kwenye pedi maana hapa ndo pesa yako ipotee kama lazima ipotee. Boksi lilikuwa na pedi tatu, ya kukata, ya kati, na ya kumalizia. Kwa hali ya hewa ya kawaida pedi tatu unaweza kusukuma nazo siku. Kwenye joto hazitoshi hata boneti na milango. Povu halipitishi joto vizuri, likishapata moto ndani linakaa nao, na pedi yenye moto unaiweka kwenye dawa mpya na hiyo dawa inakauka kabla hujamaliza mstari wa pili. Mi kwa gari zima dogo sitaki kuanza bila pedi sita za aina moja, nafanya sehemu moja au mbili naitoa, naiweka kivulini ikiwa imelala kwa mgongo, nachukua nyingine. Kujua kama pedi inatakiwa kupumzika huhitaji kifaa, itoe na uweke kiganja kwenye uso wake, ukisikia ni vuguvugu endelea, ukisikia unataka kuondoa mkono basi itoe. Na kila baada ya sehemu moja isuguliwe kwa brashi huku mashine inazunguka taratibu, kama una kompresa ya hewa ndo bora zaidi maana hewa inatoa unga na inapoza kwa pamoja.

Unene nao una maana. Zile pedi nene laini zinavutia dukani lakini povu nene linameza mtikisiko wa mashine na linabeba joto jingi, nyembamba ya milimita 25 hivi inapeleka kazi kwenye rangi moja kwa moja. Za maikrofaiba zinakata kweli, hilo halina ubishi, ila zinapandisha joto la bodi haraka kuliko povu na zinajaa unga upesi, siku ya jua kali mi naziacha kabatini. Kinachoshangaza wengi ni pedi ya manyoya. Watu wanaiogopa kwa sababu ya sifa zake kwenye rotari, lakini ile ya manyoya mafupi ya kuwekwa kwenye DA hewa inapita katikati ya nyuzi na huwa inakaa baridi kuliko povu, kwa gari lenye mikwaruzo mizito na joto ni kali ningeichukua hiyo kwa hatua ya kwanza bila kufikiria mara mbili. Inaacha ukungu kidogo, unaufuta na M205 kwenye povu laini baadaye. Itamwaga manyoya siku ya kwanza, usiogope.

Kampaundi sasa. Ile nzito ya kwenye boksi, kivulini asubuhi iko poa tu, inakata na inafutika. Jua likipanda hata kama gari liko ndani ya banda, ikawa hadithi nyingine, matone manne yanaingia, unapita mara mbili tatu, na tayari kuna unga juu ya boneti na mistari ya dawa iliyogandia ambayo kitambaa hakiiondoi mpaka ulainishe tena. Kugandia huko ndo hatari kuliko vumbi, maana mtu anasugua na kitambaa kikavu kwa nguvu na anarudisha mikwaruzo aliyotoka kuiondoa. M205 ni mnyama mwingine. Ni ya kumalizia, haina ukali wa kuondoa mikwaruzo ya kucha, lakini inakaa na mafuta muda mrefu, inakupa nafasi ya kupita taratibu na kufuta bila kugombana, na chembe zake hazihitaji kusagwa mpaka ziishe kama zile dawa ambazo chembe zinavunjika kadiri unavyopita. Hilo la mwisho lina faida kubwa kwenye joto, kwamba ukiona dawa inaanza kuwa nzito unaweza kusimama hapohapo ukafuta, kazi iliyofanyika imefanyika. Kwa dawa ya chembe zinazovunjika ukisimama katikati unabaki na mikwaruzo ya chembe ambazo hazijafika mwisho, na ukiendelea zinakauka, yani umebanwa pande zote. Kwa hiyo kwa mikwaruzo ya kawaida ya kuoshea mi napiga M205 kwenye pedi ya kati, kama haitoshi narudia mara ya pili kabla sijafikiria kwenda kwenye dawa nzito.

Kuhusu maji ya kupuliza, kuna ushauri unazunguka kwamba dawa ikikauka puliza maji uendelee. Nusu yake ni kweli. Mpulizo mmoja mwembamba wa maji yaliyochujwa chumvi kwenye pedi kabla ya kuanza unasaidia sana siku ya joto. Kupuliza juu ya dawa iliyoshakauka ni kukoroga uji wa mabonge, chembe zimeshashikana, mchanganyiko wake na unga wa rangi hauna kazi tena. Futa yote, brashi pedi, weka dawa mpya. Na hata ile kabla ya kuanza usizidishe, pedi ikilowa dawa inaruka mpaka kwenye kioo na haikati.

Kitu nilichoongeza mwenyewe kwenye seti na sasa siwezi kufanya bila yeye ni kipima joto cha infraredi, zile bunduki ndogo. Wengi wanazo ila wanazitumia vibaya, wanadhani inapima pale penye nukta nyekundu tu. Inapima duara, na ukubwa wake unategemea umbali, kama imeandikwa 12:1 basi ukisimama sentimita 60 inakusomea wastani wa duara la sentimita 5. Isogeze karibu. Kwenye rangi inasoma vizuri, kwenye kromu itakudanganya, chuma kinachong'aa bila rangi kinasoma baridi kuliko kilivyo. Utaratibu wangu ni huu, paneli ikiwa juu ya nyuzi 40 kabla hata sijagusa mashine siipigi, naisubiri au nahamia upande mwingine wa gari, na katikati ya kazi ikigonga 50 natoa mkono. Hizo ni namba zangu za kujihami, si sheria, kuna nafasi hapo kabla rangi haijaanza kulainika na ndo ninachotaka, nafasi. Gari jeusi lililosimama juani linapita nyuzi 60 bila mashine yoyote, kwa hiyo mtu anayesema yeye anapiga polishi juani na hana tatizo mwambie akuoneshe kipimo.

Tena kulihamishia kivulini hakutoshi, bodi inakaa na moto. Chuma kinapoa polepole, paa ndo la mwisho. Usimwage maji ya baridi kulilazimisha, maji yanakauka palepale na kuacha alama za chokaa ambazo sasa nazo utazipigia polishi. Fungua milango, fungua boneti kama injini ilikuwa inatembea maana boneti inapata moto kutoka chini pia, weka feni, subiri. Mi naanza na paa na boneti alfajiri wakati kila kitu kimelala baridi, milango baadaye, na saa za mchana nabandika tepu ya kukinga raba na kingo na kusafisha pedi. Hiyo tepu nayo isikae juani siku nzima, gundi yake inalainika na kubaki kwenye raba, hasa ile ya bei rahisi.

Bampa linataka aya yake. Ni plastiki, plastiki haisambazi joto, ukipita mara nyingi sehemu moja moto wote unabaki pale juu kwenye rangi, wakati mlango wa chuma ungekuwa umeshausambaza na wa alumini ungeusambaza haraka zaidi. Alafu kipima unene wa rangi cha kawaida hakisomi juu ya plastiki kabisa, kwa hiyo uko gizani kwa unene na uko hatarini kwa joto, palepale. Punguza spidi hadi 3, pita mara chache, hama. Na kwenye kingo na mistari ya bodi, popote, rangi hukaa nyembamba kuliko katikati, bandika tepu juu ya mstari na umalize kwa mkono. Kukumbusha tu tunachezea nini, rangi nzima ya kiwandani mara nyingi iko mikroni 100 mpaka 150 na klia, yani tabaka angavu la juu, inachukua kama 40 au 50 ya hizo, na kipimo kinakupa jumla tu, hakikuambii klia imebaki kiasi gani. Gari lililopigwa polishi mara nyingi na mwenye mali aliyepita linaweza kusoma 110 na klia imeshaisha nusu.

Jaribio la mahali padogo, kila mtu anajua, chagua sentimita 40 kwa 40 ujaribu dawa na pedi kabla ya gari zima. Kwenye joto lina mtego. Ukijaribu asubuhi saa moja ukapata mchanganyiko unaofanya vizuri, mchanganyiko huohuo saa sita hautakuwa uleule, dawa inakauka kwa nusu ya muda. Ama ujaribu tena joto likibadilika, ama upunguze eneo, mi napunguza eneo, badala ya 40 kwa 40 nashuka mpaka 30 kwa 30 na nafuta palepale sisubiri. Pia jasho, jamani, jasho lina chumvi na tone likidondoka kwenye paneli ya moto linakauka mara moja na pedi inapita juu yake. Taulo shingoni.

Ukaguzi nao joto linauchezea. Mafuta ya dawa yanajaza mikwaruzo na rangi iliyopata moto inavimba kidogo, unafuta unaona kioo, kesho asubuhi gari limepoa mikwaruzo imerudi. Haijarudi, haikuondoka. Futa na alkoholi ya isopropili iliyochanganywa na maji, na puliza kwenye kitambaa badala ya bodi maana juu ya bodi ya moto inaruka kabla hujaipitisha, kisha kagua na taa, na kagua tena likiwa limelala usiku. Nta au koti ya seramiki, ile dawa ya kukinga rangi, usiweke siku hiyohiyo paneli zikiwa bado na joto, seramiki kwenye bodi ya moto inashika haraka na ukichelewa kuisawazisha inabaki mabaka ambayo yanataka mashine tena kuyatoa.

Alama zangu basi. Mashine 7 kwa 10, ingekuwa 8 na nusu kama si ile sahani na kile kifuniko cha moto. Pedi za boksi 6, ubora upo, idadi hakuna. Kampaundi nzito 4 kwa joto, 7 kwa baridi. M205, ambayo haikuja nayo nilinunua kivyake, 9, na hiyo moja iliyopungua ni kwa sababu watu wataitegemea ifanye kazi ya kampaundi nzito na haiwezi. Kama unanunua leo, chukua mashine bila seti, pedi sita nyembamba zenye tundu, sahani yenye matundu, chupa ya M205, na moja ya manyoya mafupi ya akiba. Sahani ndogo ya milimita 75 kwa nguzo za milango na pembeni ya vioo bado sijanunua, ile ya 125 haiingii pale na kwa sasa namalizia kwa mkono.